Nyumba Zinazovuja Joto

Itazame chupa ya chai, ile ambayo hujazwa asubuhi na ambayo saa sita za mchana bado hutoa chai ya moto. Ndani yake hamna makaa, wala mafuta, wala stima. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kulizuia joto lisitoroke. Sasa ichukue chai ile ile uimimine katika bakuli la bati na kuliweka mezani. Kabla hujamaliza kurasa chache za kitabu hiki itakuwa imepoa, na ukitaka kuinywa ya moto itakubidi kuirudisha jikoni na kuongeza kuni. Mtu atumiaye bakuli la bati hana budi kuongeza kuni mchana kutwa. Na kama hana fedha za kuni, basi atainywa baridi.

Habari ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu, ni habari ya taifa lililokaa katika bakuli la bati. Taifa hilo ni Uingereza. Kwa muda wa miaka sabini hivi serikali yake imejaribu, kwa njia hii na ile, kuwasaidia watu wake maskini wasiumwe na baridi ndani ya nyumba zao. Mara nyingine imewapa fedha za kuongeza kuni. Mara nyingine imejaribu kuligeuza bakuli liwe chupa. Njia hizi mbili si sawa, na katika tofauti yake ndimo ilimo historia yote nitakayoieleza.

Huenda ukastaajabu kusikia kwamba katika nchi tajiri kama ile watu hufa kwa baridi wakiwa vitandani mwao. Wewe uliyezaliwa Molo au Kinangop unaijua baridi ya mwezi wa Julai, lakini baridi yetu hupungua jua likipanda. Ya kule huingia mwezi wa Novemba ikakaa hadi Machi, na katikati ya Desemba jua huchwa London kabla ya saa kumi za jioni. Mzee akaaye katika chumba cha baridi siku baada ya siku hafi kama afavyo mtu aliyepotea thelujini. Mishipa yake hukaza, shinikizo la damu hupanda, damu yenyewe huwa nzito, na mwisho wake huwa ni ugonjwa wa moyo, au kiharusi, au kifua. Katika cheti cha daktari huandikwa jina la ugonjwa, na baridi haitajwi. Kwa sababu hiyo Waingereza huhesabu kwa njia nyingine: huchukua idadi ya waliokufa katika miezi minne ya baridi, wakailinganisha na ya miezi mingine. Katika England na Wales, majira ya baridi ya 2014 hadi 2015 yalikuwa na vifo 43,900 zaidi ya kawaida. Si vyote vilivyoletwa na nyumba mbovu, maana homa ya mafua nayo huua; lakini uchunguzi ulioongozwa na Profesa Michael Marmot na kutolewa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kama sehemu moja kwa tano ya vifo vya namna hii husababishwa na nyumba zenye baridi.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Wataalamu waliolinganisha nchi za Ulaya waliona kwamba Sweden na Finland, ambako baridi ni kali mara nyingi kuliko ya London, vifo haviongezeki sana wakati wa baridi kama viongezekavyo Uingereza. Sababu si damu ya watu, ni nyumba. Katika nchi ambako baridi inaweza kumwua mtu kwa usiku mmoja, mjenzi hathubutu kujenga nyumba inayovuja joto. Uingereza baridi yake ni ya kati tu, nayo mjenzi wa zamani aliiona si kitu.

Mjenzi huyo alikuwa na udhuru wake. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa katika karne ya 19, wakati makaa ya mawe yalipokuwa yakichimbwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei nafuu. Zilijengwa kwa safu ndefu, ukuta kwa ukuta, za tofali tupu lisilo na nafasi katikati, na kila chumba kilikuwa na meko na bomba la moshi. Moto wa makaa ya mawe hauwaki bila hewa. Basi nyumba ziliachwa zivute hewa chini ya milango na kando ya madirisha, na hewa hiyo ilipanda na moshi ikachukua sehemu kubwa ya joto. Watu wa nyumbani walikaa karibu na meko, nyuso zikiwaka na migongo ikiganda. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hawakuona kuwa ni ubaya.

Msaada wa kwanza wa serikali haukuletwa na baridi bali na moshi. Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu mzito uliifunika London. Upepo haukuvuma hata kidogo, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali kila nyumba iliongeza makaa. Moshi ulishindwa kupanda. Ulichanganyika na ukungu ukawa kitu kimoja cha rangi ya manjano na nyeusi, kizito, chenye kuwasha koo. Mchana ulikuwa kama usiku. Mabasi yaliongozwa na watu waliotembea mbele yake wakishika taa mikononi. Katika ukumbi mmoja wa michezo ya kuimba ilibidi onyesho lisimamishwe, kwa maana moshi uliingia ndani hata watazamaji wasiweze kuona. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 9. Hapo kwanza ilihesabiwa kwamba watu 4,000 walikufa. Wachunguzi wa miaka ya baadaye waliona kwamba huenda walifikia 12,000.

Miaka minne ikapita, ikatungwa Sheria ya Hewa Safi ya 1956. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi, na mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa sehemu 7 kwa 10 za gharama. Sheria hiyo ilifanya kazi nzuri sana, na London ya leo haina moshi wa namna ile. Lakini angalia: fedha zilitolewa ili kumwokoa jirani aliye nje na moshi, si kumwokoa mwenye nyumba aliye ndani na baridi. Meko ilibadilishwa, na ukuta ukaachwa ulivyokuwa. Baadaye kidogo iligunduliwa gesi chini ya Bahari ya Kaskazini, na kati ya 1967 na 1977 mafundi walipita mlango kwa mlango wakiandaa majiko ya nchi nzima yaweze kutumia gesi hiyo mpya. Joto likawa rahisi, na swali la kuta likasahauliwa.

Likakumbukwa kwa kishindo. Mwezi wa Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na katika muda wa miezi michache bei ya mafuta ulimwenguni ikapanda mara nne. Wakati huo huo wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wakigombana na serikali juu ya mishahara. Tangu Januari hadi Machi 1974 viwanda vingi viliruhusiwa kutumia stima siku tatu tu kwa juma. Ndipo wakubwa wa serikali walipoanza kupiga hesabu ya joto, wakaona aibu: katika nyumba ya kawaida isiyokingwa, kama theluthi moja ya joto lote hupita kutani, na kama robo hupaa juu kupitia darini. Walikuwa wakichimba makaa na kununua mafuta ili kuwapasha joto ndege wa angani.

Basi mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kukinga joto majumbani. Mtu ambaye dari yake haikuwa na kinga aliweza kuomba msaada wa sehemu 66 kwa mia za gharama, lakini msaada usizidi pauni 50. Kwa fedha hizo atandaze blanketi la sufu ya kioo juu ya dari, na kulivika tangi la maji na mabomba yake.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa maana makosa mengi yaliyofuata yamo ndani ya sheria hii kama mti ulivyomo katika mbegu. Mfikirie mjane wa miaka 75 akaaye peke yake. Kazi ya darini kwake, tuseme, ni pauni 75. Serikali itampa pauni 49 na nusu. Zilizobaki, pauni 25 na nusu, atatoa mwenyewe. Sasa pensheni ya serikali ya mtu mmoja, mwishoni mwa mwaka ule wa 1978, ilikuwa pauni 19 na nusu kwa juma. Mjane huyu ale nini juma lile, na sehemu ya juma la pili? Tena ni nani atakayepanda ngazi? Ni nani atakayemjazia karatasi za maombi? Mwalimu, karani na fundi, wenye mishahara na akiba, waliipata ile theluthi ya tatu bila taabu, wakachukua msaada, wakakaa katika nyumba zenye joto. Mjane alibaki na blanketi la kitandani tu. Sikusudii kusema kwamba waliotunga sheria walikuwa watu wabaya. Walipima akiba ya makaa ya nchi, na kwa kipimo hicho nyumba ya karani ni sawa na ya mjane. Miaka miwili baadaye walijirekebisha, wakaongeza msaada kuwa sehemu 90 kwa mia kwa wazee wenye kipato kidogo. Hata hivyo sehemu 10 zilibaki, na karatasi zilibaki, na ngazi ilibaki.

Tatizo la ngazi lilitatuliwa na watu wasiokuwa wa serikali. Katikati ya miaka ya 1970, katika mji wa Durham ulio kaskazini-mashariki, kikundi cha wapenzi wa mazingira kilianza kukinga dari za watu maskini kwa kutumia vijana wasio na kazi. Vijana hao walilipwa kutoka fedha ambazo serikali ilikuwa imezitenga kwa ajili ya kuunda kazi. Kijana alipata ujira na ufundi, na bibi kizee alipata joto. Mfano huo ulienea katika miji mingine, na mwaka 1981, mjini Newcastle upon Tyne, kikaundwa chama cha kuviunganisha vikundi hivyo, ambacho baadaye kiliitwa National Energy Action na ambacho kingalipo. Wachimba makaa walikuwa jirani zao. Katika nchi iliyolala juu ya makaa ya mawe watu walitetemeka kwa baridi, na ni wana wao waliopanda darini.

Kazi yenyewe si ya kupendeza. Fundi huingia katika tundu dogo la dari, akatambaa juu ya mihimili gizani huku amefunika pua na kuvaa glavu, kwa sababu sufu ya kioo huwasha mwili kama upupu. Akikanyaga pasipo na mhimili, mguu wake utatokea chumbani chini. Hutandaza blanketi katikati ya mihimili, kisha jingine kwa kupitana na la kwanza. Asizibe mianya ya pembeni mwa paa, la sivyo mbao zitaoza kwa unyevu. Mabomba ya maji yaliyo juu ni lazima ayavike vizuri, kwa maana joto likizuiwa lisipande, darini kutakuwa na baridi zaidi ya zamani, na maji yataganda na kupasua bomba. Tena chini ya tangi la maji haweki kitu, ili joto kidogo la chumbani lilifikie. Utaona basi kwamba hata kazi hii ndogo inahitaji mtu afahamuye anachofanya. Hayo yashike, tutayarudia. Katika miaka ya 1980 unene wa milimita 100 hivi ulidhaniwa kuwa watosha. Siku hizi hushauriwa milimita 270.

Mwaka 1991 mtafiti aitwaye Brenda Boardman alichapisha kitabu kuhusu jambo hili, na ni yeye aliyelipa kipimo. Alisema kwamba jamaa ambao hawawezi kupata joto la kutosha nyumbani bila kutumia zaidi ya sehemu 10 kwa mia za kipato chao wamo katika umaskini wa nishati. Lakini wazo lake kubwa halikuwa lile la sehemu 10. Alieleza kwamba umaskini huu si sawa na umaskini mwingine wote. Mwenye njaa ukimpa fedha atanunua chakula, na njaa yake itakwisha siku hiyo. Mwenye baridi ukimpa fedha atanunua gesi, nayo itapanda darini na kutoka nje, na mwaka ujao atakuja tena, na mwaka wa tatu vile vile. Mtu maskini huishi katika nyumba mbovu kuliko zote, na nyumba mbovu huhitaji gesi nyingi kuliko zote. Hivyo maskini hununua joto lile lile kwa bei ghali kuliko tajiri. Ambalo hawezi kulipata kwa fedha za mkononi ni nyumba nzima. Dawa ni kuitengeneza nyumba yake mara moja. Mimi nafikiri hakuna aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi.

Mwaka huo huo wa 1991 serikali ilianza mpango mpya kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Wakati huo huo, kwa mkono mwingine, ilianza kutoza kodi juu ya gesi na stima ya majumbani: sehemu 8 kwa mia tangu Aprili 1994. Ilikusudia kuipandisha hadi 17 na nusu, lakini mwezi wa Desemba mwaka huo Bunge lilikataa. Serikali ya chama kingine iliyoingia 1997 iliishusha hadi sehemu 5, na katika majira ya baridi ya mwaka huo ikaanza kuwapa wastaafu fedha za joto: pauni 20 kwa kila nyumba, au 50 kwa maskini zaidi. Miaka iliyofuata fedha hizo ziliongezwa mara kadhaa. Wastaafu wote walizipokea, tajiri na maskini, mwenye nyumba ya tofali moja na mwenye jumba lililovikwa vizuri. Zilipendwa sana, na ni rahisi kufahamu kwa nini. Hundi hufika Novemba, nayo huonekana. Blanketi la darini halionekani na mtu yeyote, wala hakuna mbunge aliyewahi kupigiwa makofi kwa ajili ya sufu ya kioo.

Hata hivyo alikuwako mbunge mmoja aliyejaribu. David Amess, aliyekuwa katika chama cha upinzani wakati ule, alileta Bungeni muswada wake binafsi, ukaungwa mkono na watu wa vyama vyote na kuwa sheria mwaka 2000. Sheria hiyo iliiamuru serikali kuhakikisha, kwa kadiri iwezekanavyo, kwamba baada ya miaka 15 tangu mpango wake utangazwe hapatakuwa na mtu akaaye katika umaskini wa nishati. Maneno hayo, kwa kadiri iwezekanavyo, ni mlango mpana, na wengi wamepita humo. Lakini kwa miaka kadhaa kazi ilifanyika. Mpango ulioitwa Warm Front, uliotoka katika hazina ya serikali, ulizifikia nyumba zipatazo milioni 2.3 za England kati ya 2000 na 2013. Ulijaza kinga katika nafasi iliyo kati ya kuta mbili, ukatandaza mablanketi darini, ukaweka mitambo mipya ya kupasha maji ya joto. Ulikuwa na kasoro zake: msaada ulikuwa na kikomo, na mara nyingine maskini aliambiwa aongeze fedha juu yake. Lakini ulikuwapo.

Mwaka 2013 ulifungwa. Kwa mara ya kwanza tangu 1978 hazina ya serikali haikuwa na mpango wake yenyewe wa kukinga nyumba za maskini wa England. Mzigo ulipewa makampuni ya gesi na stima, ambayo nayo yaliruhusiwa kuyarudisha matumizi yake katika ankara za wateja wote. Kwa hiyo mpangaji maskini alianza kuchangia kazi ya darini kwa watu wengine kila alipolipia stima yake, na kama unavyojua wewe unayenunua tokeni, stima hulipiwa kabla ya kuwashwa. Katika mwaka ule ule kipimo cha Boardman kiliachwa katika England. Mtaalamu aliyeshauri mabadiliko hayo, John Hills, alikuwa na hoja ya kweli, maana kipimo cha zamani kilipanda na kushuka kwa bei ya gesi tu. Lakini idadi ya maskini ilipungua siku moja bila hata dari moja kuvikwa, kama mwenye duka apunguzaye pishi lake na kudai mahindi yameongezeka. Miaka 15 ilipotimia, Novemba 2016, jamaa wapatao milioni 2.5 wa England walikuwa bado wamo katika umaskini huo, hata kwa kipimo kipya.

Hasara ya mambo haya ilidhihirika mwaka 2022. Urusi iliivamia Ukraine mwezi wa Februari, na bei ya gesi Ulaya ikapanda kupita kiasi. Ankara ya nyumba ya kawaida ingefikia pauni 3,549 kwa mwaka kuanzia Oktoba. Serikali ilishtuka, ikaingilia kati na kuizuia isizidi pauni 2,500 hivi, na kila nyumba ikapewa tena pauni 400. Makumi ya mabilioni ya pauni yalitumika. Silaumu tendo hilo, kwa sababu majira ya baridi yalikuwa mlangoni na hapakuwa na wakati wa kupanda darini. Ila sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita katika dari na kuta zile zile ambazo hesabu yake ilikwisha kujulikana tangu 1974.

Sasa turudi kwa yule fundi, kwa maana kukinga joto vibaya kunaweza kuwa ni hatari kuliko kutokukinga. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, katika nchi ya juu yenye baridi, bweni letu lilikuwa la mabati matupu bila dari. Usiku mmoja wa Julai wenzangu wawili waliingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha, wakaziba ufa wa chini ya mlango kwa shuka kuukuu. Asubuhi tuliwakuta hawajitambui. Tuliwaburura hadi nje kwenye umande, na kwa rehema ya Mungu wakapona. Walikuwa wamelizuia joto, na pamoja nalo wameizuia hewa.

Katika nyumba za Uingereza hewa iliyozuiwa huua polepole zaidi. Pumzi za watu, mvuke wa sufuria na nguo zinazoanikwa ndani hujaza unyevu. Unyevu ukikosa pa kutokea hukaa katika ukuta wa baridi, na kuvu nyeusi huota. Mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka 2 alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na miaka miwili baadaye hakimu mchunguzi wa vifo alitamka kwamba sababu yake ilikuwa kuvu iliyojaa katika nyumba yao ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika kwa wenye nyumba tangu 2017. Bunge lilitunga sheria kwa ajili ya mtoto huyo mwaka 2023, ya kuwalazimisha wenye nyumba za kijamii kuondoa kuvu kwa muda uliowekwa.

Basi fikiri juu ya mtaa wa Fishwick, katika mji wa Preston. Huko, kama mwaka 2013, nyumba zaidi ya 300 zilivikwa kinga kwa nje chini ya mpango wa serikali. Kazi ilifanywa kwa haraka na vibaya. Mvua iliingia nyuma ya kinga ikashindwa kutoka, nayo ikatafuta njia ya ndani. Rangi ilibambuka, plasta ikaanguka, kuvu ikaota katika vyumba ambavyo zamani vilikuwa na baridi tu. Watu walioahidiwa chupa ya chai walipewa sifongo.

Ungedhani jambo hilo lingekuwa onyo la kutosha. Lakini mwezi wa Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ilitoa taarifa juu ya mipango miwili iliyoanza 2022 na 2023. Katika nyumba zilizokingwa kwa nje, kati ya 22,000 na 23,000, sehemu 98 kwa mia zilikuwa na kasoro kubwa zitakazoleta unyevu na kuvu zisiporekebishwa. Katika zile zilizokingwa kwa ndani, sehemu 29 kwa mia. Wakaguzi walitaja sababu: mafundi wasio na ujuzi, kazi kupewa mkandarasi naye akampa mwingine, na usimamizi uliogawanywa kati ya ofisi nyingi hata asiwepo wa kuulizwa. Zingatia kwamba wenye nyumba hizo hawakuomba anasa. Waliambiwa kwamba wamechaguliwa kwa sababu ya umaskini wao, wakamfungulia fundi mlango.

Serikali iliagiza nyumba zote zilizokingwa kwa nje chini ya mipango hiyo zikaguliwe, na makandarasi wairekebishe kazi yao kwa gharama yao wenyewe. Mwezi uliofuata Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza katika bajeti kwamba ule mpango wa kutoza katika ankara, uliodumu tangu 2013, hautaendelezwa, na kwamba fedha za nyumba za maskini zitatoka tena katika hazina. Mwezi wa Januari 2026 ukatolewa mpango mpya wa pauni bilioni 15, unaokusudia kuzifikia nyumba milioni 5 ifikapo 2030. Jamaa wenye kipato kidogo wanaohesabiwa katika mpango huo watafanyiwa kazi bila malipo. Ile theluthi aliyodaiwa mjane wa 1978 haidaiwi tena.